Lengo la kusoma: usiandike idadi, kata juzuu

Ndugu uliyeuliza, nimekuelewa. Uliandika lengo la kusoma vitabu 50 kwa mwaka, Disemba imekatika hata 15 hujafika, na sasa hujui mwaka mpya uandike 20 au urudie zile zile 50 uone itakuwaje. Mimi nasema idadi iache kabisa, andika kipande cha siku. Mwaka wangu nimeuendesha hivyo. Niko hapa Amu, yaani Lamu, kazi yangu ni mapokezi kwenye nyumba ya wageni mjini, kwa hiyo usidhani anayekwambia ni mtu mwenye nafasi.

Wazo lenyewe sikulitoa kwenye video za hawa wanaopiga picha na rundo la vitabu. Nililiona msikitini Ramadhani iliyopita. Baada ya alasiri watu wamejipanga wameegemea ukuta, kila mmoja na msahafu wake. Ami yangu ni mvuvi, gazeti haligusi mwaka mzima, na ukimwita msomaji atakucheka. Lakini kila Ramadhani anahitimu, yaani anausoma msahafu wote mpaka mwisho. Msahafu tunaoutumia wengi una kurasa 604, juzuu 30, kila juzuu kama kurasa 20 hivi. Sala ni tano. Kurasa nne baada ya kila sala, na isha ikipita juzuu yako imekwisha. Hapo hakuna "nikipata nafasi". Kipande kinajulikana, saa yake inajulikana, na aliyekaa karibu nawe atakuuliza, "Umefika wapi?" Mimi naona hilo la mwisho ndilo lenye nguvu kuliko yote.

(Simaanishi riwaya na Qur'ani ni mamoja, asije mtu akanishika shati. Nasema mpango tu.)

Basi Idi ilipopita nikachukua penseli. Kitabu cha kwanza kilikuwa Peponi, ile riwaya ya Abdulrazak Gurnah iliyotoka kwa Kiingereza mwaka 1994, tafsiri ya Kiswahili ya Ida Hadjivayanis ikaja 2022, mwaka mmoja baada ya mwandishi kupata Nobel. Nikaipiga alama pembeni kila baada ya kurasa kumi, kabla sijasoma hata neno. Saa yangu ikawa baada ya alfajiri mpaka wageni waanze kushuka kutaka chai. Wageni wa Amu hawaamki mapema, wamekuja kupumzika, na mezani pa mapokezi wakati huo sauti ni za punda na mwenye kufagia tu. Kurasa kumi zinaingia bila kukimbizana.

Kama hujaisoma: mtoto Yusuf anachukuliwa na tajiri mmoja, Aziz, kwa sababu baba yake ana deni. Anamwita ami, na si ami yake. Kwetu sisi, ambao kila mtu mzima mtaani ni ami au hale (baba mdogo au mama mdogo), jambo hilo linauma kwa namna yake. Nilikuwa nafunga kitabu penye alama huku nikitamani kuendelea, na nilijikataza makusudi. Ukijiachia ukala kurasa 60 leo, kesho utajipa ruhusa ya kula sifuri. Ndivyo tulivyo.

Sasa lililoufanya mwaka wangu ni bibi, si hiyo riwaya.

Bibi yangu anashona kofia. Usiku baada ya isha anakaa chumba cha ndani, chini ya zidaka (vile vishubaka vya ukutani), taa karibu na uso, na hapendi televisheni. Nikamwambia nataka nimsomee Utendi wa Mwana Kupona, beti kumi kila usiku. Beti zote ni 102, nikapiga hesabu kwamba baada ya siku kumi na moja tumemaliza. Tumeusikia wote tangu utotoni vipande vipande, kwenye harusi na kwa mama zetu, lakini mimi sikuwahi kuusoma kutoka bismillahi mpaka mwisho. Mwana Kupona mwenyewe alizaliwa Pate, kisiwa jirani, na mwaka 1858, akiwa mjane na mgonjwa, akamtungia bintiye Mwana Hashima usia huu. Tunaishi katika visiwa hivi hivi alimoishi, halafu tunaujua kama watu wanaojua wimbo kwa kiitikio chake tu.

Usiku wa kwanza nilisoma ubeti mmoja, wa pili, na nilipofika wa tatu bibi akainua mkono wenye sindano bila kuinua macho. "Wasoma kama mtu wa taarifa ya habari. Vuta." Sikuelewa nivute nini. Akanionyesha kwa kukariri ubeti ule ule. Kila ubeti una vipande vinne vya mizani (silabi) nane nane. Vitatu vya kwanza vinaoana vina vyao, cha nne kinarudi kwenye kina kimoja kinachoshika utendi mzima. Bibi hayo ya mizani hajasomeshwa na mtu, ila vile vitatu alikuwa anavipitisha haraka haraka, kisha cha nne anakiachia kishuke polepole, anakinyoosha, anavuta pumzi. Nikarudia mpaka akanyamaza akaendelea kushona. Kwake yeye kunyamaza ndiyo kusifu.

Baada ya siku chache jirani akaingia na mtoto wake mgongoni, kisha binti wa shangazi yangu aliyekuja likizo kutoka chuo kikuu Mombasa. Tulipofika pale mwana anapousiwa jinsi ya kukaa na mume, huyu dada yangu hakuvumilia. Akasema huu ni mzigo aliotwishwa mwanamke na akaambiwa aushukuru. Jirani akasema mbona yeye anayafanya hayo na hajafa. Bibi akawaacha wakapigana maneno, kisha akauliza: mama anajua atakufa, ana mtoto wa kike, na dunia iliyoko nje ndiyo ile, mlitaka amwachie nini? Dada akajibu kwamba angemwachia mali. Bibi akacheka sana, sindano ikamponyoka. Usiku ule beti kumi hazikutimia, tulifika nne.

Wewe unayehesabu vitabu, niambie: usiku ule uuandike wapi? Utendi wa beti 102 ni kitabu kimoja au robo? Anayefukuza 50 atauona huu ni mwembamba, ataumaliza kwa kikao kimoja apige alama, na hatamsikia bibi. Kibaya zaidi ni kwamba idadi inakuchagulia vitabu. Ukifika Septemba nyuma ya lengo, mkono unaenda wenyewe kwenye vijitabu vyembamba na kile kinene ulichokitamani tangu Januari unakipita.

Kuhusu madeni. Siku ikipotea, kesho yake nalipa, kama mtu aliyekosa juzuu yake. Likipita juma zima, nasamehe, naanza pale pale alama ilipo. Mwezi wa nane na Disemba nyumba inajaa, natoka kazini kichwa kimevimba, na miezi hiyo sikujipangia kitu. Nilijua tangu mwanzo. Kipindi changu ni kuanzia Aprili hivi, mvua na kusi (upepo wa kutoka kusini), wageni wachache. Nawe tafuta kusi yako ni miezi gani, usiupige mwaka mzima kwa kipimo kimoja.

Kwa upande wa kupata vitabu, aliyeko Nairobi hawezi kujua. Maduka ya hapa yana vya shule na vya dini. Riwaya naagiza Mombasa, inapanda basi, inapita Malindi na Garsen mpaka Mokowe, kisha inavuka kwa boti. Ndiyo maana naamua mapema, navileta pamoja, na hapo tena siwezi kurukaruka kila nikiona kitabu kipya kinasifiwa mitandaoni. Kwenye nyumba yetu ya wageni ipo rafu ya vitabu walivyoacha watalii: Kijerumani, Kiitaliano, riwaya nene za mauaji. Nilijaribu vya Kiingereza viwili vitatu, sikuona sababu ya kuendelea. Siku za mapumziko naenda Ngomeni, ile ngome kongwe ya hapa mjini, mle ndani mna maktaba. Jengo lilikamilika 1821 na lilikuwa jela mpaka 1984. Kuta ni nene, kuna ubaridi wa kutosha, na hakuna anayekuita ukabebe mizigo.

Na kwa walio pwani: kusi ikiingia vitabu vinanywa unyevu, majalada yanapinda, kuvu inakaa mgongoni. Visiegemee ukuta wa nje. Vyangu nimevitia kwenye zidaka za ndani, na jua likitoka navifungua navipigisha upepo.

Kuna mwenzetu aliyeandika hapa kwamba kusikiliza kitabu si kukisoma; namheshimu lakini simkubali. Darsa za misikitini hapa zinakwenda hivyo hivyo: mmoja anasoma kitabu, wengine wanasikiliza, mpaka kitabu kinakwisha, na hakuna anayesema mwenye kusikiliza hakukisoma. Bibi yangu herufi za Kilatini hazisomi, na katika ule utendi alinisahihisha mimi mwenye cheti.

Utendi wa Tambuka, utendi mwingine wa kale, nimeuweka kando kwa sasa. Ni wa 1728, umetungwa huko huko Pate, beti zake zinapita elfu moja, na kwa kipande cha beti kumi ungekula miezi mitatu na zaidi ya usiku wa bibi. Mwaka huu tunaanza Inkishafi, shairi jingine la kale la huku kwetu, beti hazifiki 80. Bibi anataka tumalize kabla Ramadhani haijaingia, na dada wa Mombasa ametaka tumpigie simu tukianza, aweke spika. Nina shaka kama mtandao utakubali usiku, lakini tutajaribu.

Wewe sasa: usinitajie vitabu 20. Nitajie kimoja tu, kile kilicho karibu nawe sasa hivi, kina kurasa ngapi, na siku yako inapumua saa ngapi. Nitajie na jina la mtu mmoja nyumbani anayeweza kukuuliza umefika wapi. Nitakupangia juzuu zako hapa hapa.