Wagonjwa waite kabla hujaandika swali la utafiti

Mkuu simama hapo hapo. Unasema andiko la utafiti limekamilika, kibali cha kamati ya maadili kimetoka, sasa ndo unatafuta wagonjwa wawili na ndugu mmoja wa kuwaweka kwenye kamati ya utafiti wako, unauliza utawapata wapi, posho kiasi gani na wasaini fomu ipi. Hao watu umeshawachelewa!

Sisi tulifanya hivyo hivyo kwenye utafiti wa baridi yabisi. Tukapanga kupima maumivu na viungo vilivyovimba, dodoso refu balaa, kliniki saa moja asubuhi. Wagonjwa tukawaita mwisho kabisa. Mama mmoja akafunua kurasa zote akauliza, uchovu mmeuweka wapi? Kimya. Anasema maumivu ameshayazoea, uchovu ndo uliomfanya aache kazi. Mumewe akadakia, nani kapanga saa moja, asubuhi viungo vimekakamaa hata kifungo cha shati hawezi, mimi ndo namvalisha. Kuongeza kipimo kimoja tu ilitaka turudi kamati ya maadili, dodoso zimeshachapwa, hela ya mfadhili yote ina kazi yake, basi tukasogeza muda tu, uchovu haukupimwa, na watu wakaacha kuja mmoja mmoja.

Kinachoniuma haikuwa siri hata kidogo. Kundi la OMERACT, wanaokubaliana nini kipimwe kwenye tafiti za magonjwa ya viungo, waliwaalika wagonjwa mkutanoni 2002, wagonjwa wakalisema hilo hilo la uchovu, na miaka michache baadaye ukapendekezwa upimwe kwenye tafiti za baridi yabisi. Ila mshauri wetu, msomi mzima, akatuambia wagonjwa ni kipengele cha mfadhili tu, jazeni msonge mbele. Mpaka leo nina hasira naye! Azimio la Helsinki, ule mwongozo wa kimataifa wa maadili ya utafiti wa tiba kwa binadamu, toleo la 2024, linataka washiriki na jamii zao wahusishwe kabla, wakati na baada ya utafiti. Kabla, jamani.

Najua mtasema napiga kelele, acha nipige. Kaa nao wagonjwa na wanaowauguza, ndugu asiwe msindikizaji, acha andiko lako mezani usilifungue, uliza kitu gani kikipungua watasema tiba imefanya kazi. Halafu omba marekebisho sasa hivi, kabla mshiriki wa kwanza hajaandikishwa, maana akishaingia nusu ya data itakuwa na kipimo hicho na nusu haina.