Wasomaji Wanauliza: Mchumi Alifikaje Umakamu wa Rais?

SWALI: Ndugu Mhariri, binti yangu anasomea uchumi chuo kikuu, na juzi aliniuliza swali nililoshindwa kulijibu. Dk. Philip Mpango hakujulikana majukwaani wala hakuwa na jina kubwa katika chama, lakini alikuja kuwa Waziri wa Fedha na baadaye Makamu wa Rais. Alianza lini siasa, na alipitia mlango gani? – Msomaji, Kigoma

JIBU: Kwa maoni yetu, alianza siasa siku ile alipoapishwa kuwa mbunge. Yote yaliyotangulia yalikuwa utumishi wa umma. Dk. Mpango, mzaliwa wa Buhigwe mkoani Kigoma, alisomea uchumi Chuo Kikuu cha Dar es Salaam hadi shahada ya uzamivu, akafundisha chuoni hapo, kisha akawa mchumi mwandamizi wa Benki ya Dunia. Aliporudi serikalini alikuwa mshauri wa Rais katika masuala ya uchumi, Naibu Katibu Mkuu katika Wizara ya Fedha, na hatimaye Katibu Mtendaji wa Tume ya Mipango, chombo kilichosimamia mpango wa maendeleo wa miaka mitano ulioanza mwaka 2011/12. Ni kazi za mezani, ambazo mwananchi wa kawaida hazioni.

Mambo yalibadilika Novemba 2015. Baada ya kubainika kwamba makontena 349 yalikuwa yametolewa bandarini Dar es Salaam bila kulipiwa kodi, Rais John Magufuli alimteua kuwa Kaimu Kamishna Mkuu wa Mamlaka ya Mapato. Baraza la Mawaziri lilipotangazwa mwezi uliofuata, Wizara ya Fedha na Mipango iliachwa bila waziri, na kabla ya Desemba kwisha nafasi hiyo ikawa yake. Kwa kuwa Katiba inataka mawaziri watokane na wabunge, na yeye hakuwa na jimbo, Rais alitumia mamlaka aliyopewa na ibara ya 66 ya kuteua wabunge wasiozidi kumi. Mlango anaouulizia binti yako ni huo, na wataalamu wengi wameupitia.

Kuingia ni jambo moja. Kuitetea bajeti mbele ya watu wanaoilipia ni jambo jingine. Bajeti yake ya kwanza, ya mwaka 2016/17, ilikuwa ya shilingi trilioni 29.5, na ndani yake huduma za utalii zilianza kutozwa kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18. Kitabuni, hatua hiyo ni kupanua wigo wa kodi. Kwa wenye kampuni za utalii ilikuwa bei kupanda ghafla, nao hawakunyamaza. Hapo ndipo mchumi hugeuka mwanasiasa, apende asipende. Kura za wananchi alikuja kuziomba mwaka 2020, akawa mbunge wa Buhigwe.

SWALI: Mbona yeye alithibitishwa na Bunge, ilhali tumezoea kuwa Makamu wa Rais huchaguliwa pamoja na Rais? – Msomaji, Morogoro

JIBU: Utaratibu wa kawaida ni huo wa mgombea mwenza. Hata hivyo, Rais Magufuli alipofariki dunia tarehe 17 Machi 2021 na Makamu wake, Samia Suluhu Hassan, akaapishwa kuwa Rais kwa muda uliobaki, kiti cha Makamu kilibaki wazi. Ibara ya 37(5) inamtaka Rais wa namna hiyo ashauriane na chama chake, kisha apendekeze jina litakalothibitishwa na Bunge kwa kura zisizopungua asilimia 50 ya wabunge wote. Tarehe 30 Machi Dk. Mpango alipata kura zote 363 zilizopigwa, na kesho yake akaapishwa. Kiti cha Buhigwe kikawa wazi, kwani Makamu wa Rais haruhusiwi kuwa mbunge. Mrithi wake, Dk. Emmanuel Nchimbi, alipita njia uliyoizoea: aliingia madarakani Novemba 2025 akiwa mgombea mwenza wa Rais Samia.