Beringi ya gurudumu la mbele: usikubali igongwe na nyundo

Ukiwa na Corolla 110 au Toyota nyingine ya umri huo, ipo siku utasikia mvumo unatoka mbele na kupanda kadiri unavyoongeza mwendo. Wengi hukimbilia kulaumu matairi. Ingia kwenye kipilefti usikilize: unapozunguka kulia, uzito wa gari hulalia gurudumu la kushoto, kwa hiyo mvumo ukizidi hapo, anza na beringi ya kushoto. Kisha piga jeki, weka stendi, shika springi kwa mkono mmoja na kuzungusha gurudumu kwa mwingine. Beringi iliyokwisha utaisikia vidoleni, springi inatetema.

Si lazima ubadilishe pande zote mbili. Badilisha iliyokufa.

Kwenye magari haya beringi imeshindiliwa ndani ya kile chuma kinachobeba gurudumu, na habu, yaani kitako ambacho gurudumu hufungwa juu yake, ikashindiliwa ndani ya beringi. Gari langu liliwahi kufungwa beringi mpya kwa nyundo na kipande cha bomba. Mvua hazijaisha, ikaanza kulia tena. Fundi akasema spea ni mbovu. Mimi nasema ni nyundo: kila pigo hupita kwenye goroli na kuzichimba njia zake, na vidonda hivyo ndivyo vinavyolia baadaye. Chuma kifunguliwe, kipelekwe kwenye mashine ya presi, nawe usimame hapohapo. Beringi inapoingia, presi isukume ringi ya nje. Habu inapoingia, ringi ya ndani iwekewe egemeo kwa chini. Wakifanya kinyume, nguvu yote inapita kwenye goroli, na hapo presi haina tofauti na nyundo.

Habu nayo itazame vizuri. Mara nyingi hutoka na ringi ya ndani imeng'ang'ania juu yake. Ikishatolewa, futa grisi, pitisha ukucha pale beringi inapokaa. Ukucha ukinasa kwenye mikwaruzo, au ukiona chuma kimebadilika kuwa bluu kwa kuungua, habu hiyo imekwisha. Atatokea mtu wa kukushauri ipigwe vidoti kwa sindano ya chuma na nyundo ili beringi ikaze. Kataa kabisa, beringi itazunguka tena juu ya habu. Ya mtumba iliyo safi, pale Gerezani Kariakoo, ni bora mara kumi. Beringi yenyewe nunua mpya, kwenye duka litakalokuandikia risiti, maana chapa za Koyo, NSK na NTN zote zinaghushiwa.

Nati kubwa ya shafti, ya spana namba 30, ikazwe mtu akiwa amekanyaga breki, kwa spana ya kupimia nguvu hadi 216 Nm, kisha iwekwe pini mpya. Gari lisikanyage chini kabla ya hapo, kwani uzito wake peke yake unatosha kuharibu beringi.

Kabla ya kufungua bolti za shokapu ili kile chuma kitoke, chora alama kwa rangi zirudi mahali pake, na hata hivyo lipeleke gari alaimenti siku hiyohiyo.