Tuwape tovuti nyingine orodha ya wanyama wetu?

SWALI: Shikamoo kaka. Najitolea kwenye kikundi kidogo cha kuokoa mbwa na paka, tuko Tegeta. Tovuti yetu ina wanyama kama arobaini wanaotafuta wa kuwachukua. Sasa tovuti kubwa ya matangazo ya kuuza na kununua inataka tuwafungulie orodha yote, iwe inaingia kwao yenyewe kila siku. Nyingine haikuomba hata, tunakuta tu picha zetu kule. Wenzangu wanasema wanyama wakionekana kwingi watapata nyumba upesi. Mimi roho inasita. Ni sawa kuwapa?

JIBU: Marahaba. Wenzako wana hoja. Mbwa aliyekaa bandani miezi minane hasaidiwi na tovuti inayotembelewa na watu ishirini kwa siku. Kule Marekani, tovuti ya Petfinder inakusanya orodha za vituo vya wanyama tangu 1996, na leo vituo hivyo ni maelfu. Ila angalia wanavyofanya: kituo chenyewe ndicho kinachoweka tangazo na kuliondoa, na anayemtaka mnyama anaelekezwa kituoni.

Kwa hiyo waulize hao wa matangazo: mtu akimpenda mbwa, anabonyeza nini? Kikitokea kitufe cha "wasiliana na muuzaji" na mazungumzo yakaishia humo humo, wakatalie. Maombi lazima yarudi kwenu, maana kazi yenu hasa ni kumhoji mtu na kwenda kuona uwanja wake, kujua kama mbwa ataishi au atafungwa mnyororo getini mpaka azeeke.

Kinachonitia hofu zaidi ni tangazo lisilokufa. Miaka michache iliyopita nilikiunganishia kikundi kimoja orodha yao na tovuti ya nje. Nilishughulikia vizuri namna ya kuingiza wanyama, namna ya kuwatoa nikaipuuza. Mbwa jike mmoja wa kahawia alipata kwake mwezi wa pili, tangazo lake likaendelea kuishi hadi mwezi wa kumi. Simu zikawa haziishi. Kisha tapeli akaichukua picha yake, akaandika kwamba yuko Mbagala na anayemtaka atume elfu thelathini za usafiri. Tumeshazoea kucheka ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii", lakini huyo alipata wa kumtumia. Tovuti ile haikuwa na kosa, uzembe ulikuwa wangu.

Tangu hapo nafanya hivi. Kila mnyama anapewa namba yake isiyorudiwa, hata kama mna Simba watatu. Panakuwa na sehemu ya hali yake: anapatikana, ameombwa, amepata kwake. Halafu siwatumii wale wa nje mabadiliko peke yake. Nawapa orodha nzima ya wanaopatikana, kila siku, kwa sharti kwamba asiyekuwamo leo aondolewe leo. Taarifa ya "mfute huyu" ikipotea njiani kwa sababu mtandao ulikatika, imepotea moja kwa moja. Orodha nzima ikishindikana leo, ya kesho inasahihisha kila kitu. Wakishindwa kuisoma siku mbili mfululizo, wafiche matangazo yenu yote mpaka itakaposomeka. Picha nazo ziitwe kutoka kwenye seva yenu, yaani kompyuta inayobeba tovuti yenu, wasizihifadhi kwao, ili mkiifuta huku, kule nako itoweke. Gharama ya seva itapanda kidogo, vumilieni.

Orodha ya nje iwe ya mnyama tu: umri, jinsia, ukubwa, tabia, tarehe ya chanjo ya kichaa cha mbwa. Namba ya mlezi wa muda na mtaa anaoishi visitoke, wala jina la aliyemleta mbwa na sababu zake za kumwachia. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inawahusu hata nyie mnaojitolea. Mlezi alikupa namba yake ili mumletee chakula cha mbwa, hakukupa ili isambae. Msipige picha kadi ya chanjo, kwa kawaida ina jina la mwenye mnyama. Na picha ya simu inaweza kubeba ndani yake mahali ilipopigwa. WhatsApp huyaondoa maelezo hayo ukiituma kama picha ya kawaida, ukiituma kama dokumenti yanabaki. Seva iyafute yenyewe kila picha inapopandishwa, usimtegemee mtu akumbuke.

Jike ambaye hajafungwa kizazi, hasa mwenye damu ya German Shepherd, mimi simweki kabisa kwenye orodha ya nje. Kwenye tovuti hizo atakaa pembeni ya watoto wa mbwa wanaouzwa, na anayetafuta jike wa kuzalisha atamwona kama mtaji wa bure. Kuna wenzangu wanaosema nazidisha. Sawa, nazidisha.

Hao wanaonakili bila kuomba, faili la robots.txt, lile linaloziambia programu za kunakili zisiguse sehemu gani za tovuti, litawazuia wenye adabu tu. Utaratibu huo ni wa tangu 1994 na mpaka leo ni ombi, si kufuli. Usianze na vitisho, ingawa sheria ya hakimiliki ya 1999 inazilinda picha. Kwanza hakikisha wapiga picha wenu wamewaruhusu nyie wenyewe kuzitumia, maana haki ni ya aliyepiga mpaka akubali vingine. Kisha waandikieni: mnachukua wanyama wetu, basi chukueni orodha hii inayojisahihisha kila siku, kwa masharti haya, au ondoeni zote ndani ya siku saba. Barua hiyo hiyo itawafaa na wale wakubwa walioomba, mkiondoa tu mstari wa siku saba.