Kwa yule wa Pipeline aliyeuliza jinsi ya kutuliza akili bila pesa ya kwenda msitu wa Karura

Ndugu mleta uzi, nimesoma swali lako na majibu yote mpaka chini, na naona wengi wamekujibu vitu viwili tu, nenda Karura ama pakua apu. Na wewe ulishasema vizuri kabisa, unafanya kastoma kea ya kupokea simu shifti ya usiku, unaishi Pipeline, mtaa wa maghorofa hapa Nairobi, kichwa hakizimi hata ukilala, apu ya meditesheni ulijaribu na yule jamaa anayekwambia ujione uko ufuoni anakupandisha hasira tu, na nauli na kiingilio cha msitu kila wikendi huna. Sasa mtu akikurudisha Karura hapo amekusaidia aje?

Mimi nimekaa kwa hizo simu miaka kadhaa, kampuni siitaji, kwa hivyo ukisema unatoka kazini na bado unasikia mlio wa simu inayoingia naelewa. Mteja amekutukana saa nane usiku, wewe unamwambia asante kwa kutupigia, na kabla hujameza mate simu nyingine imeshaingia yenyewe. Yale matusi yanabaki mwilini, mabegani hapa na kwa taya. Halafu asubuhi unafika keja unaambiwa funga macho usikilize pumzi yako, na pumzi yenyewe ndiyo imekaza kifua, ukiisikiliza ndio unaogopa zaidi! Si wewe peke yako. Hata wanaofundisha hii kitu wanajua kuna watu wakikaa kimya wakajiangalia ndani wasiwasi unapanda badala ya kushuka. Ndiyo maana mimi ushauri wangu ni uanzie nje, macho wazi, na uangalie kitu ambacho si wewe.

Mimi nilionyeshwa na kaunsela mmoja, mama mtu mzima, wakati usingizi ulikuwa umenikataa kabisa na presha imeanza kupanda. Nilidhani atanikalisha kwa mkeka na uvumba, kumbe alinitoa nje akanipeleka parking ya hospitali mahali magari yanageukia, kulikuwa na mti wa mukinduri, ile miti mirefu imejaa Nairobi hii mpaka hatuioni tena. Akaniuliza, "Mwanangu, unaona nini?" Nikasema mti. Akasema, "Mti ulikuwa unaujua kabla hujatoka nje. Sasa hivi unaona nini?" Nikanyamaza nikaangalia. Jani la mukinduri juu ni kijani cha kawaida lakini chini ni rangi ya fedha iliyofifia, upepo ukipita mti wote unabadilika rangi halafu unarudi. Katikati ya hayo majani kuna moja moja limegeuka la machungwa linangoja kuanguka. Chini kuna vile vikokwa vigumu vinavyopasuka, ukikanyaga vinateleza. Na kwa gome kulikuwa na siafu, hapana si siafu, sisimizi wale wadogo, wanapanda kwa mstari mmoja na wengine wanashuka, wakikutana wanasimama kidogo kama wanasalimiana kisha kila mmoja anaendelea na yake. Nikija kushtuka mama ananiambia dakika kumi zimeisha. Na wakati huo wote gari zilikuwa zinapiga honi, soja anabishana na mtu wa boda, hakuna ukimya wowote.

Hiyo ndiyo meditesheni yenyewe, hakuna siri nyingine iliyofichwa. Unachagua kitu hai kimoja unakiangalia kama mtu anayetaka kukinunua, mawazo yanakuja (yatakuja, bili, bosi, yule mteja), unagundua umeenda, unarudi kwa jani. Watu wengi wanaachia hapo kwa sababu wanadhani wameshindwa wakiona akili imetoroka. Hapana! Ile kugundua umetoroka na kurudi ndiyo zoezi, ukirudi mara hamsini umefanya mazoezi mara hamsini, na hakuna siku utakaa dakika kumi bila wazo, hata wale wamefanya miaka mingi mawazo bado huwajia.

Kelele sasa, maana najua utaniambia Pipeline hakuna kimya. Usipigane nayo. Simama, anza na sauti ya mbali kabisa unayoweza kuisikia, labda ndege inashuka JKIA, kisha ya katikati, matatu na makanga wake, kisha ya karibu, labda nguo inapigwa na upepo kwa kamba, halafu ya karibu kuliko zote ambayo ni pumzi yako mwenyewe. Usizipe majina ya nzuri na mbaya, sikiliza tu vile inapanda na vile inakatika. Ukifika kwa pumzi kupitia njia hiyo haikushtui, ni sauti moja kati ya zingine. Toa pumzi polepole kuliko ulivyoivuta, hiyo tu, usihesabu kama inakuchanganya.

Na mahali? Rufu, yaani juu kabisa ya ghorofa. Naijua Pipeline, najua kuna nyumba ambazo taa inawashwa saa sita mchana kwa sababu ghorofa zimebanana hakuna jua linaingia, lakini karibu kila ploti ina rufu ya kuanika nguo. Panda huko. Anga ni nature pia, mbona watu wanafikiria nature ni msitu peke yake? Kuna mwewe wanazunguka bila kupiga bawa, mchague mmoja umfuate kwa macho mpaka apotee. Kuna wale korongo wakubwa wa upara wanaokaa kwa miti ya barabara ya Mombasa, wabaya wa sura mimi nawapenda bure, wakiruka wanaruka kwa heshima zao. Jioni mawingu. Julai utaona wingu moja la kijivu siku nzima na baridi juu, hapo vaa jaketi na uangalie tu kijivu, kina rangi nyingi kuliko unavyodhani. Keyateka, yule mtunza ploti, akikuuliza unafanya nini mwambie unachunga nguo.

Ukiweza pia panda kitu. Mkebe wa rangi, toboa chini, udongo, dhania ama sukuma. Si ya kula sana, ni ya mikono. Kila siku mwagilia polepole bila simu, weka kidole kwa udongo usikie kama umekauka ndani ama ni juu tu. Mimi hapo ndipo nafanya vizuri zaidi kuliko hata kukaa, mikono yangu ikiwa na kazi kichwa kinatulia.

Kuna aliyeandika hapo juu ati hii ni kuita mapepo. Ndugu, siwezi kuficha kwamba mazoezi ya namna hii mizizi yake ni kwa Wabudha, ni kweli. Lakini mwaka 1979 mwanasayansi mmoja anaitwa Jon Kabat-Zinn aliyaingiza kwa hospitali ya chuo kikuu cha Massachusetts huko Marekani, programu ya wiki 8 kwa wagonjwa wenye maumivu yasiyoisha, bila kumwambia mtu aabudu chochote. Na sisi wenyewe tuna haya mambo tangu zamani, Wakikuyu na mugumo, mti wao mtakatifu, Wamijikenda na kaya, misitu yao mitakatifu. Yesu alikuwa anapanda mlimani peke yake, Mtume alikuwa anaenda pango la Hira. Nenda Arboretum, ile bustani ya miti ya Nairobi, siku ya kazi uone watu wanavyotembea chini ya miti wakiomba kwa sauti. Mimi ni wa kanisa na sijaona shida, nikimaliza kuangalia nashukuru, wewe malizia na dua yako.

Sayansi nayo usiimeze nzima nzima. Kuna utafiti mkubwa wa Uingereza wa 2019, karibu watu 20,000, walioonekana kuwa na afya na furaha zaidi ni wale wanaopata angalau dakika 120 kwa wiki kwa mazingira ya asili, na haikujalisha kama ni mara moja ama vipande vipande. Ukigawa kwa siku saba ni kama dakika 17. Hiyo ndiyo naipenda kwa sababu inafaa mtu wa mshahara wetu. Lakini utafiti huo hauwezi kukuambia kama ni miti iliyowapa afya ama ni wenye afya ndio wanatoka nje, kwa hivyo usije ukaanza kujihesabia dakika ukijilaumu. Ule unaonigusa zaidi ni wa mtafiti Roger Ulrich wa 1984, aliangalia rekodi za wagonjwa waliopasuliwa nyongo kwa hospitali moja ya Pennsylvania, waliolala chumba chenye dirisha la kuonyesha miti walitoka mapema na wakatumia dawa kali za maumivu kidogo kuliko walioangalia ukuta wa matofali. Dirisha tu. Hawakuenda popote.

Karura siidharau jamani. Ukipata siku ya ofu na pesa kidogo nenda, zaidi ya hekta 1,000 za msitu ndani ya jiji, na ujue Wangari Maathai na wenzake walipigwa pale Januari 1999 wakijaribu tu kupanda miti getini kuzuia msitu usijengwe, bila wao sai tungekuwa tunaangalia maghorofa. Lakini usiende ukafanya kilomita kumi na iafoni masikioni na picha kwa kila kona, hiyo ni mazoezi ya mwili, ni sawa, lakini si hii tunayoongelea. Chukua njia fupi, tembea polepole mpaka usikie kisigino kinafika chini, kisha wayo, kisha vidole. Nenda na mtu kama huizoei, na mutoke mapema. City Park nayo ni sawa ila kima wa pale watakunyang'anya ndizi mkononi, na mahali popote pa wazi mjini macho usifunge na simu iwe mfuko wa ndani, hii ni Nairobi.

Kitu ambacho nadhani kitakusaidia wewe hasa wa shifti ya usiku, usifanye asubuhi ukitoka kazini. Lile jua la asubuhi likikupiga kwa macho mwili unaambiwa kumekucha, na wewe ndio unataka kulala. Asubuhi enda moja kwa moja, kofia, pazia nzito, lala. Rufu iwe jioni kabla ya kutoka, saa kumi na moja hivi, robo saa. Kazini ukipewa breki usiku toka hata mlangoni uguse jani la ua lolote la kampuni, uangalie kama kuna mwezi. Usikae breki yote kwa TikTok, ni masikio yamepumzika lakini kichwa bado kiko shifti.

Na ukiona wiki zinapita bado hulali kabisa, ama umeanza kuona afadhali usingekuwepo, hiyo si ya mti wala jukwaa, nenda hospitali uonane na daktari, Mathari, hospitali ya magonjwa ya akili, kuna kliniki ya wasiolazwa na huhitaji kuwa "mwendawazimu" kuingia pale, ama uongee na Befrienders, wale wanaosikiliza kwa simu watu waliokata tamaa. Mimi mwenyewe mti niliuongezea tembe za presha, na bado nazimeza.

Uliuliza pia kama utupe hiyo apu. Ukitaka ibaki, tumia kengele yake tu ikukumbushe saa ya kupanda rufu, yule jamaa wa ufuoni mnyamazishe. Niambie unapandia gari ya kazi steji gani jioni, kuna miti kadhaa upande wa barabara ya Outering naijua.