Miwani ya VR ya simu: ni VR kweli au nimepigwa?

SWALI: Mambo kaka, nilinunua Kariakoo ile miwani ya plastiki unayochomeka simu ndani, nikaipeleka maskani, mshkaji wangu akacheka sana eti hiyo sio VR (virtual reality, yani dunia ya kompyuta unayoingia kwa kuvaa miwani) ni vidio ya kuchungulia tu, halafu yeye mwenyewe anadai gemu lolote la kupiga risasi unaloona mikono yako na bunduki ni VR maana uko ndani. Nani yuko sahihi?
Msomaji, Temeke

JIBU: Mdogo wangu, tuanze na hilo la bunduki. Gemu la kwenye TV, hata TV iwe kubwa kama ukuta, ukigeuza shingo unaona nini? Unaona kabati la bi mkubwa. Kwenye VR kichwa chako ndo kamera, ukigeuka unaona upande mwingine wa dunia ya gemu, na kila jicho linapewa picha yake. Ivan Sutherland, mtaalamu wa kompyuta, na wanafunzi wake kule Marekani walilifanya hilo 1968, michoro yenyewe mistari mitupu na mtambo unaning'inia darini, lakini kichwa kikisogea picha inafuata.

Sasa cheki Virtual Boy, mashine ya gemu ya Nintendo ya 1995, picha ina kina kweli (nyekundu na nyeusi basi) ila inakaa mezani unaiinamia kama unachungulia chungu, ukigeuza kichwa umetoka nje ya gemu. Mi siihesabu, wanaoipenda wanisamehe.

Tuje kwa yako. Simu inajua umegeuka kwa sababu ya kihisi cha ndani kinachopima kugeuka, kinaitwa jairoskopu, ndo maana ukitazama juu unaona mbingu. Ila haijui umesogea. Jaribu kuinama mbele kama unataka kunusa ukuta wa kwenye gemu, ukuta nao unarudi nyuma, yani dunia nzima inatembea na wewe, na hapo ndo kichefuchefu kinaanza. Miwani za VR kamili kama Oculus Rift na HTC Vive za 2016, au Quest ya 2019 yenye kamera zake na isiyodai kompyuta, zinajua umepiga hatua, umechuchumaa, mikono iko wapi, kwenye gemu la VR la Half-Life: Alyx ukitaka kuchungulia kona unachungulia kwa shingo yako mwenyewe.

Kwa hiyo yako naiita VR nusu. Ila kagua simu kwanza, baadhi za bei poa hazina jairoskopu kabisa, ukigeuka picha imetulia tu, na kama ndo hivyo basi kwa hilo mshkaji wako kapatia.