Mtihani wa uraia wa Marekani: kabla hujakariri, kagua Kiswahili chako

Nilikariri majibu yote 100. Nilikuwa nafanya usafi zamu ya usiku hapa Dallas, simu inanisomea sikioni, nami nasukuma mashine ya kusugua sakafu huku narudia: maseneta 100, wawakilishi 435, rais miaka minne, majaji tisa. Siku moja mdogo wangu, ndio kwanza kafika kutoka Tanga, akashika karatasi zangu mezani. "Dada, taja sehemu moja ya serikali." Nikajibu haraka: "Kongresi." Akanitazama. "Bunge linakuwaje serikali?"

Sikuwa na jibu. Kwetu serikali ni serikali na bunge ni bunge, na wabunge husimama kuiuliza serikali maswali.

Nilianza upya, safari hii nikikagua kila neno la Kiswahili nililokuwa nalo kichwani. Maneno yetu yana mazoea ya nyumbani. "Serikali" kwa maana ya kule Washington ni mihimili yote mitatu: Kongresi inayotunga sheria, rais anayezitekeleza, na mahakama inayozitafsiri. Na mihimili hiyo imetenganishwa kweli. Tanzania waziri ni lazima awe mbunge. Marekani Katiba inamkataza. Marco Rubio alipokuwa Waziri wa Mambo ya Nje mwaka 2025, aliacha kwanza useneta wa Florida, na gavana akateua mtu mwingine wa kukikalia kiti kile. Mkenya hapa atanicheka, maana kwao tangu Katiba ya 2010 waziri hakai bungeni.

Neno la pili ni "jimbo". Mtanzania akisikia jimbo anafikiria eneo la mbunge. Jimbo la Marekani ni jambo jingine kabisa: Texas ina katiba yake, gavana aliyechaguliwa, bunge lake, hata mahakama zake za juu. Mimi nilielewa nilipofungua pochi: leseni ya udereva imetolewa na Texas, dola zimechapwa na serikali ya shirikisho, yaani ile ya nchi nzima. Swali la mamlaka gani ni ya nani likaisha hapo hapo. Shule, polisi na leseni ni mambo ya majimbo. Fedha, jeshi, vita na mikataba na nchi za nje ni ya shirikisho.

La tatu limenikera miaka mingi: "kumng'oa rais". Redio zetu zilisema hivyo kuhusu Clinton, zikasema tena kuhusu Trump. Baraza la Wawakilishi halimng'oi mtu. Linamfungulia mashtaka tu, kisha Seneti ndiyo inasikiliza kesi, na theluthi mbili zinahitajika kumtia hatiani. Andrew Johnson alishtakiwa hivyo 1868, Clinton 1998, Trump 2019 na 2021. Hakuna aliyetiwa hatiani hata mmoja.

Mengine hayana ugumu. Katiba iliandikwa Philadelphia mwaka 1787, marekebisho 10 ya kwanza, yale ya haki za raia, yalikamilika 1791, na sasa yako 27. Hilo la 27 lilipendekezwa 1789 likapita 1992, kwa hiyo usilalamike kesi yako ya uhamiaji inachelewa.

Ukishaiva hapo, angalia tarehe uliyopeleka fomu ya kuomba uraia. Waliopeleka kuanzia Oktoba 20, 2025 wana orodha ya maswali 128. Wanaulizwa mpaka 20, na wanatakiwa kupata 12. Mimi nilikuwa wa zamani: maswali 10, kupata sita.

Na wazee wasikate tamaa kwa ajili ya Kiingereza. Mwenye umri wa miaka 50 na grinikadi (kibali cha ukaazi wa kudumu) ya miaka 20, au miaka 55 na grinikadi ya miaka 15, anaweza kujibu maswali haya kwa lugha yake. Mwenye 65 na grinikadi ya miaka 20 anapewa hata orodha fupi ya maswali 20 ya kusoma.

Jirani yangu, mama wa Bukavu mwenye miaka 58, alipita njia hiyo. Nilimweleza kwamba rais anaweza kukataa mswada, Kongresi ikaupitisha tena kwa theluthi mbili, na mahakama, tangu kesi ya 1803, ikaifuta sheria inayovunja Katiba. Akapiga makofi: "Aa, kumbe banachungana!" Sijawahi kupata tafsiri ya "checks and balances", yaani mihimili kudhibitiana, iliyo nzuri kuliko hiyo.

Mkalimani tulimtafuta wenyewe, kijana wa Mombasa, na tukawakutanisha wiki moja kabla. Ilikuwa bahati. Alipomuuliza nani ana kura ya turufu, mama akafikiri anaulizwa habari za karata. Tukakubaliana waseme "veto", neno analolijua kwa Kifaransa, na siku ya siku akalijibu kabla kijana hajamaliza swali.